Digrii italipa au haitalipa? Kaa chini upige hesabu yako kabla hujajaza maombi ya chuo

Julai mwaka jana matokeo ya kidato cha sita yametoka, mpwa wangu kaja kwangu jioni na mama yake, kashika simu mkononi ina orodha ya kozi kumi na mbili alizoshauriwa na watu kumi na mbili. Kila mtu na lake. Mjomba mmoja anamwambia soma digrii mwanangu elimu haiozi, jirani anamwambia digrii siku hizi karatasi tu, nenda kasome cheti cha ufundi. Nikamuuliza swali moja, umepiga hesabu? Akanyamaza. Mama yake akanijibu, "kaka, ada tumeshaulizia, ni milioni na laki tatu kwa mwaka."

Hapo ndo nikaona tatizo. Familia nyingi zikisema zimepiga hesabu ya chuo zinamaanisha ada. Na ada, nakwambia kabisa bila kupepesa macho, kwenye vyuo vya serikali siyo gharama kubwa ya digrii. Gharama kubwa ni miaka. Miaka ya darasani na miaka ya kusubiri kazi baada ya kuvua joho. Hiyo haipo kwenye fomu yoyote na haina namba ya malipo ndo maana hatuioni.

Tulikaa siku ile na kaunta buku mpaka saa tano usiku. Nimeamua kuandika yote tuliyofanya, hatua kwa hatua, ili na wewe ufanye na mtoto wako, mdogo wako au wewe mwenyewe. Nimetumia hesabu za Tanzania kwa sababu ndiko ninakojua makato yake, wa Kenya nimewawekea kipande chao mbele.

Hatua ya 1: Usiandike njia moja, andika mbili

Huwezi kusema digrii inalipa kama hujasema inalipa kuliko nini. Kwa hiyo chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto njia A, kulia njia B, na B iwe kitu ambacho kweli ungekifanya. Usiweke "kukaa nyumbani" upande wa pili ili digrii ionekane nzuri, na usiweke "biashara ya milioni tano kwa mwezi" wakati mtaji huna.

Mpwa wangu aliandika hivi. Njia A: digrii ya miaka mitatu. Njia B: diploma ya miaka miwili (kwa aliyemaliza form six mara nyingi unaanzia NTA 5, yani ngazi ya tano ya elimu ya ufundi, ukimaliza NTA 6 una diploma yako), halafu kazi. Kwako B inaweza kuwa VETA, duka la mzee, bodaboda, kilimo cha mpunga kule nyumbani, chochote, ila kiwe cha kweli.

Hatua ya 2: Gharama, zote, hadi zile ndogo ndogo

Ada ya chuo cha serikali kwa kozi nyingi za digrii inacheza kwenye milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka, vyuo binafsi inapanda na udaktari ndo usiseme. Sasa kuna vitu ambavyo hakuna anayekwambia mpaka ufike: hela ya geto ukikosa hosteli, nauli ya kwenda na kurudi likizo mara mbili kwa mwaka, laptopu, steshonari, fildi (mafunzo ya vitendo kazini) ukipangiwa mkoa ambao huna ndugu, na sapu. Watu hawapangi hela ya sapu kwa sababu hakuna anayepanga kufeli, lakini ukishikwa na somo unarudi kulifanyia mtihani likizo, unakula na unalala kwa hela yako.

Ukishindwa kabisa unarudia mwaka au unadisko, yani unafukuzwa chuo kwa kufeli. Kwenye hesabu weka hata mstari mmoja unaosema "ikitokea nimeongeza mwaka mmoja", utaona hapo chini unagharimu kiasi gani.

Kwa mpwa wangu tulikadiria mkopo utalipa ada na hela ya kula, halafu familia itaongezea milioni moja kila mwaka kwa hayo mengine. Miaka mitatu, milioni 3 kutoka mfukoni. Kwa upande wa diploma tuliweka milioni 3 kwa mwaka ada na kuishi, yote ya familia, miaka miwili milioni 6. Umeona? Mpaka hapo digrii inaonekana ya bei rahisi kuliko diploma. Watu wengi wanaishia hapa, wanafunga daftari.

Kuhusu hiyo diploma, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha hata wa diploma kwa fani zilizopewa kipaumbele, kwa hiyo ulizia kabla hujauza ng'ombe.

Hatua ya 3: Mkopo wa Bodi siyo hela ya bure na siyo jini pia

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo pana upotoshaji mwingi.

Bumu, yani hela ya chakula na malazi, tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Inakuja kwa mafungu ya siku 60, ina maana laki sita kila fungu, mafungu manne kwa mwaka ni 2,400,000. Ongeza vitabu na steshonari 200,000 kwa mwaka. Ongeza ada 1,300,000. Kwa mtu aliyepata asilimia mia, mwaka mmoja ni 3,900,000. Mara tatu: 11,700,000. Hapo sijagusa hela ya fildi. Hilo ndo deni utakalotoka nalo, andika kwa wino mwekundu juu ya safu ya A.

Sasa habari njema. Zamani kulikuwa na ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Wapo watu walikopa milioni nane wakakuta wanadaiwa kumi na nne. Mwaka 2021 serikali ikaziondoa zote mbili. Kwa hiyo deni la leo halizai. Ukikopa 11,700,000 haiongezeki kwa tozo kila mwaka, na kwa kuwa shilingi inashuka thamani kidogo kidogo kila mwaka, ile laki unayolipa baada ya miaka nane ni nyepesi kuliko laki uliyokopa. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba mkopo wa Bodi ni kitanzi.

Habari ngumu ni namna mkopo unavyolipwa. Sheria iliyorekebishwa 2016 inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi. Kabla ya hapo ilikuwa 8 na watu walilia sana. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi maana yake inakatwa kabla hujaangalia kodi wala nini, ni kwenye ile namba kubwa ya juu. Aliyejiajiri naye anatakiwa apeleke, isipungue laki moja kwa mwezi.

Hatua ya 4: Mshahara wa kwenye tangazo siyo mshahara wa mkononi

Mtu akikwambia "nalipwa laki nane" muulize mkononi unapokea ngapi. Hii ndo hatua niliyomfanyisha mpwa wangu kwa mkono wake, na ndo iliyomfumbua macho, kwa hiyo chukua kalamu tufanye wote.

Makato ya mfanyakazi wa sekta binafsi: NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10. Kinachobaki ndo kinakatwa kodi ya PAYE kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kwamba 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, zaidi ya hapo asilimia 30. Bajeti inasomwa kila Juni kwa hiyo hakikisha TRA (Mamlaka ya Mapato) kama bado ni hivyo. Mwisho Bodi asilimia 15.

Mwenye digrii, mshahara wa msingi 800,000, ana mkopo:
NSSF 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. Kodi ni 20,000 ya daraja la kwanza jumlisha asilimia 20 ya 200,000, jumla 60,000. Bodi 120,000. Mkononi: 540,000.

Mwenye diploma, mshahara wa msingi 400,000, hana mkopo:
NSSF 40,000. Inabaki 360,000, kodi ni asilimia 8 ya 90,000 yani 7,200. Mkononi: 352,800.

Angalia vizuri. Kwenye karatasi wa digrii anamzidi wa diploma laki nne nzima. Mfukoni anamzidi 187,200. Mpwa wangu alirudia hesabu mara tatu akidhani nimekosea. Sijakosea. Bodi inachukua 120,000, kodi na NSSF vinachukua vingine. Na hiyo tofauti ya 187,200 itakaa hivyo hivyo kwa miezi 97 na nusu, yani miaka minane na ushee, mpaka deni la 11,700,000 liishe kwa 120,000 kwa mwezi. Baada ya hapo ndo anapumua, tofauti inakuwa 307,200.

Serikalini makato yana sura nyingine, mfuko wa pensheni ni PSSSF na mfanyakazi anakatwa asilimia 5 tu (mwajiri anaweka 15), lakini kuna bima NHIF asilimia 3, na kama upo kwenye chama cha wafanyakazi mara nyingi asilimia 2 nyingine. Nilipiga kwa mshahara ule ule wa 800,000 bila chama, nikapata 548,000. Karibu sawa na binafsi. Uzuri wa serikalini ni kwamba ngazi ziko wazi, mfano walimu mwenye cheti anaingia TGTS B, diploma TGTS C, digrii TGTS D, kwa hiyo karatasi yako inahesabika moja kwa moja. Na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanataja ngazi ya mshahara, kopi pale andika kwenye daftari badala ya kusikiliza stori za vijiweni.

Sasa fanya jaribio moja la kuumiza. Badilisha ile 800,000 iwe 500,000, maana wapo wahitimu wengi sana wa digrii wanaoanzia hapo sekta binafsi na wapo wanaoanzia chini ya hapo. NSSF 50,000, kodi 14,400, Bodi 75,000. Mkononi 360,600. Anamzidi wa diploma shilingi 7,800 kwa mwezi. Elfu saba na mia nane, na deni litachukua miaka 13 kuisha kwa mwendo huo.

Hatua ya 5: Sasa weka miaka, hapa ndipo digrii inapoamuliwa

Geuza ukurasa mpya, andika namba 1 mpaka 15 kwenda chini, hiyo ni miaka tangu siku ya kuripoti chuo. Kila mwaka jaza A kapata ngapi na B kapata ngapi. Usifanye kichwani.

Tulichojaza sisi: njia A, mwaka 1 hadi 3 chuo, mwaka wa 4 na 5 anasubiri ajira huku anajitolea mahali au anapiga tempo (kibarua cha muda) kwenye shule binafsi kwa 100,000 kwa mwezi, mwaka wa 6 anaanza kazi ya 800,000. Njia B, mwaka 1 na 2 chuo, mwaka wa 3 anasubiri kwa hiyo hiyo 100,000, mwaka wa 4 anaanza kazi ya 400,000.

Mwisho wa mwaka wa 5 hali iko hivi. B ameshafanya kazi miaka miwili, kila mwaka 4,233,600 mkononi, jumla 8,467,200, weka 1,200,000 ya mwaka wa kusubiri, toa milioni 6 za chuo, amebaki na faida ya 3,667,200. A amepata 2,400,000 za kujitolea, toa milioni 3 za familia, yuko chini ya sifuri kwa 600,000. Kwa hiyo A yuko nyuma kwa 4,267,200 siku anayopata kazi. Anaanza kufukuza kwa 187,200 kwa mwezi. Gawanya: miezi 23. Kufikia mwisho wa mwaka wa 7 kamkuta, na kuanzia hapo anamuacha kila mwezi. B akipandishwa mshahara njiani inachelewa kidogo, lakini bado ni hesabu nzuri, digrii hapo imelipa na mtu asikudanganye.

Lakini sasa badilisha kitu kimoja tu. Mshahara acha vile vile, ada acha vile vile, ila kusubiri kuwe miaka mitano badala ya miwili. A anaingia kazini mwaka wa 9 akiwa nyuma kwa 13,368,000. Kwa 187,200 kwa mwezi ni miezi 71. Anamkuta B karibu na mwisho wa mwaka wa 14. Aliyeanza chuo na miaka 20 hapo ana 34, ana familia, na ndo kwanza yuko sawa na mwenzake wa diploma.

Miaka mitatu ya kusubiri imesogeza hesabu kwa miaka saba. Hakuna punguzo la ada linaloweza kufuta hiyo, hata chuo kingekuwa bure kabisa. Ndo maana nasema swali la "chuo gani ada nafuu" ni dogo, swali kubwa ni "kozi hii watu wanasubiri miaka mingapi".

Na kuna miaka iliyojificha ndani ya kozi zenyewe, iweke. Udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa intern. Sheria ukitaka uwakili bado kuna Law School. Uhasibu bila CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, unakuwa kama umekula wali bila mboga, na mitihani ile ina ada zake na inachukua muda wake. Uhandisi kuna usajili wa ERB, bodi ya wahandisi, na mafunzo ya vitendo kabla hujaitwa mhandisi kamili. Siyo mbaya, mara nyingi hizo ndo zinapandisha mshahara kweli kweli, ila zihesabu.

Mimi mwenyewe iliniuma hapa. Nilimaliza mitihani vizuri, lakini matokeo ya somo moja hayakuonekana kwenye mfumo wa chuo nilichosoma, nikazungushwa ofisi hadi ofisi, transkripti nimekuja kuipata miezi saba baada ya wenzangu. Kwenye hiyo miezi saba kulikuwa na usaili nilioitwa na sikuweza kwenda na cheti. Kwa mshahara wa mfano wetu, miezi saba mara 540,000 ni 3,780,000. Ni karibu ada ya digrii nzima, imepotea kwa karatasi moja. Kwa hiyo tafadhali, kila muhula matokeo yakitoka yakague yote, piga picha skrini, ukiona somo halipo nenda siku hiyo hiyo usisubiri mwaka wa mwisho.

Hatua ya 6: Tafuta watu kumi, siyo mmoja

Kila familia ina yule kijana mmoja aliyesoma kozi fulani sasa ana gari. Huyo mmoja ndo anawapoteza watu. Unachotaka ni kumi waliomaliza kozi ile ile unayoitaka, miaka mitatu hadi mitano iliyopita, na uwapate bila kuwachagua. Njia rahisi, mtafute mmoja akuunganishe na grupu lao la darasa la WhatsApp, au akutajie majina kumi kwa mfuatano kama yalivyokuwa kwenye orodha ya darasa, halafu kwa kila mmoja umuulize yuko wapi. Maswali matatu yanatosha: ulikaa muda gani kabla ya kazi ya kwanza, kazi yenyewe inahusiana na ulichosoma, na mkononi unapokea kiasi gani. La tatu liulize kwa adabu, usimuulize mtu mshahara wake kama polisi, muulize "mtu anayeanza kazi kama yako anapokea kama ngapi hivi mkononi", atakujibu vizuri tu.

Halafu wastani unaupata hivi. Tuseme kwenye kumi wa digrii, wanne wana kazi ya 800,000 (mkononi 540,000), watatu wako kwenye kazi za 400,000 (mkononi 292,800 kwa sababu Bodi nao wanakatwa), watatu bado wanapiga tempo kwa laki moja. Jumlisha zote gawa kwa kumi: 333,840. Hiyo ndo namba ya kuweka kwenye daftari, siyo 540,000.

Watu wakiona hivyo wanakimbilia kusema kumbe diploma ni bora, ina 352,800. Subiri kwanza. Na diploma nayo ifanyie haki ile ile, tafuta kumi wao. Sita wana kazi, wanne laki moja: wastani 251,680. Kwa hiyo digrii bado iko mbele, kwa 82,160. Ukipima upande mmoja kwa watu kumi na upande mwingine kwa mtu mmoja aliyefanikiwa umejidanganya mwenyewe, na hili kosa nimeliona kwa wanaotukuza digrii na kwa wanaoiponda vile vile.

Ukitaka kuona ushindani ulivyo, mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Karibu watu 85 kwa kila kiti. Kila ukisikia "ukimaliza hii utaajiriwa TRA" kumbuka hizo namba mbili, uandike kwenye safu yako mtu mmoja kati ya 85, usiandike uhakika.

Utasikia pia kwamba watafiti wanasema elimu inalipa sana Afrika. Ni kweli wanasema. Mapitio ya wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos ya 2018, waliyokusanya makadirio 1,120 kutoka nchi 139, yalikuta kwa wastani kila mwaka mmoja wa masomo unaongeza kipato cha mtu kwa karibu asilimia 9, na elimu ya juu kusini mwa Sahara ikiwa na faida kubwa kuliko sehemu nyingine. Mimi naiamini. Ila jua kwamba namba za aina hiyo kwa kawaida zinapima wenye kipato, aliyekaa nyumbani na bahasha ya vyeti hayumo ndani ya hesabu. Na wastani wa bara zima haukwambii lolote kuhusu kozi yako, chuo chako, mwaka wako.

Hatua ya 7: Shilingi ya leo na ya baadaye

Hii fupi. Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka, na unaweza kuanza na milioni moja tu. Kwa hiyo ukiwa na milioni moja leo, kwa asilimia 12 na ukawa unairudisha faida, baada ya miaka mitano una 1,762,000 hivi. Geuza upande wa pili: milioni moja utakayoipata mwaka wa tano ina uzito wa 567,000 za leo. Faida za digrii zinakuja mbali, gharama ziko karibu, kwa hiyo ukiona A inamshinda B kwa unywele tu huko mwaka wa 14, ichukulie kwamba haijamshinda.

Hatua ya 8: Angalia njia ya tatu kabla hujafunga daftari

Hesabu ikikataa siyo lazima uache digrii. Mara nyingi ni kuisogeza tu. Diploma kwanza, kazi, halafu digrii ukiwa kazini, jioni au kupitia Chuo Kikuu Huria ambacho kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii hii. Hapo ile gharama kubwa, miaka bila mshahara, inakaribia sifuri, na ukimaliza husubiri ajira maana uko nayo tayari, unaomba kubadilishiwa muundo, yani cheo na mshahara vifuate elimu yako mpya. Inachosha, mtu anatoka kazini saa kumi anaingia darasani saa kumi na moja, wenye watoto wanajua. Lakini kwenye safu za mpwa wangu hii ndo ilikuwa na mstari mzuri kuliko zote kwa kozi ya kwanza aliyoichagua.

Na kama unaenda digrii moja kwa moja basi pambana na kusubiri, siyo na ada. Fildi usiende mahali pa kupigiwa muhuri tu, nenda mahali ambapo watu wanaajiriwa. Likizo ndefu fanya kazi yoyote inayohusiana. Mwaka wa pili anza mitihani ya bodi ya taaluma yako kama inaruhusu. Kila miezi sita unayopunguza kwenye kusubiri ni 3,240,000 kwa mshahara wetu wa mfano.

Kwa walioko Kenya

Hatua ni zile zile ila mkopo una tabia nyingine. HELB, bodi ya mikopo ya kule, inatoza riba asilimia 4 kwa mwaka, na usipolipa baada ya muda wa neema kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Deni la 200,000 linazaa riba 8,000 kwa mwaka, lakini faini peke yake ni 60,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kwenu kusubiri kazi kunauma mara mbili, unapoteza mshahara na deni linakua. Hata kama huna kazi, nenda uongee nao mapema upange kiasi kidogo, usijifiche. Na kwenye makato ya mshahara usisahau bima ya afya SHIF asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5, ndo upate namba ya mkononi.

Tulivyomaliza sisi

Mpwa wangu alipiga simu kwa wiki mbili. Watu kumi wa kozi ya kwanza, wawili tu walikuwa na kazi inayofanana na walichosoma. Kozi nyingine kwenye orodha yake, ile aliyokuwa ameiweka ya saba kwa sababu haina jina tamu, walikuwa sita kati ya kumi, na aliyesubiri sana alisubiri mwaka na miezi miwili. Mama yake hakuipenda kwa sababu majirani hawaijui. Tukamfungulia ukurasa wa miaka 15, tukamuwekea kidole kwenye mwaka wa 6, akasoma namba zote mbili kimya, akauliza tu, "na hii umeshatoa ile ya Bodi?" Nikamwambia ndiyo dada, imeshatoka.

Yuko mwaka wa kwanza sasa, mkopo kapata asilimia 80 kwa hiyo tumerekebisha safu ya familia. Wiki iliyopita kanitumia picha ya kaunta buku, kaongeza mstari mpya chini ya mwaka wa 2: jina la kampuni anayotaka kwenda fildi, na pembeni kaandika kwamba wana wahitimu wanne wa kozi yake, wawili kashaongea nao.